Digrii ya Saikolojia na Saluni ya Mama

Jumamosi saluni ya Mama haikuwa na pa kukanyaga. Mmoja yuko kitini anasukwa, wawili wanasubiri, na stori zimepamba moto. Binti yake alikuwa akigawa rasta na kusikiliza. Wateja walimwita Daktari wa Roho, maana ukiingia na donge moyoni, kwake utalitoa tu.

"Sasa atakuwa daktari kweli!" Mama alijisifu. "Ameitwa chuo kusoma saikolojia. Kile chenye majengo ya vioo! Jumatatu naenda kutia saini mkopo. Naweka saluni hii rehani."

Aliyekuwa kitini ni mwanasaikolojia mshauri wa hospitali, mteja wa siku nyingi. Alitaka kugeuka, Mama akamrudisha kichwa. Anayesukwa hana uhuru, basi akaongea na kioo.

"Shoga, mtalipaje?"

"Kidogo kidogo, miaka kumi. Si kitu! Tangazo la chuo linasema mwanasaikolojia anapata elfu mia moja na hamsini kwa mwezi."

"Anapata, ndiyo. Ni mimi huyo. Lakini nina digrii mbili, leseni na miaka kumi na mbili kazini. Nilipomaliza digrii ya kwanza, nilianza na elfu arobaini."

Mikono ya Mama ikasimama. Binti akaacha kugawa rasta. Barua ya kuitwa chuo ameshaionyesha mtaa mzima!

"Kwa hiyo niache, anti?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani kasema uache? Masikio ya kazi hii unayo. Somo ni zuri, angalia bei yake. Chukua kalamu. Kila mwezi mtalipa ngapi?"

"Elfu thelathini."

"Toa kwenye arobaini."

"Inabaki kumi."

"Hiyo ni ya kodi ya chumba, chakula au nauli?"

Binti akaweka kalamu chini. Wale wawili waliokuwa wakisubiri, ambao hujibu hata wasichoulizwa, wakasogeza viti karibu.

"Na akishindwa kulipa?" Mama aliuliza.

"Watachukua saluni. Mimi nina kipimo kimoja: mkopo wote usizidi mshahara wa mwaka wa kwanza kazini. Na mshahara huo usiusome kwenye tangazo. Waulize waliomaliza juzijuzi."

Binti akainama, akatoa bahasha nyingine chini ya vitana. Ilitoka chuo cha umma, dakika ishirini kwa miguu. Somo ni lile lile, ada ni robo. Majengo yake yalikuwa ya bati.

"Mbona ulinificha?" Mama aliuliza.

"Ulikuwa umefurahi mno, Mama. Sikutaka kukuharibia furaha."

"Loo, mtoto wewe! Ungenifurahisha mpaka nilale njaa!"

Saluni nzima ikaangua kicheko, na binti akapumua.

Jumatatu hakuna aliyekwenda kutia saini. Binti aliwapigia simu wahitimu watano wa vyuo vyote viwili. Wanne walikuwa na kazi: mmoja shuleni, mmoja kwenye shirika, na wawili katika ofisi za kuajiri wafanyakazi. Wa tano bado alikuwa akitafuta. Mishahara yao ilikaribiana, chuo cha vioo au cha bati. Basi akachagua cha bati, akachukua mkopo mdogo usio na rehani. Alisoma huku akisuka siku za Jumamosi.

Baada ya kuhitimu alitafuta kazi miezi mitano. Ilikuwa miezi mirefu, lakini alilala kwao, akala kwao, na hakuna mdai aliyekuja kugonga mlango. Kisha shule moja ikamwajiri kuwasikiliza wanafunzi, kwa elfu thelathini na nane. Mkopo ulichukua sita. Akapanga chumba, kodi na chakula vikalipika, na kidogo kikaenda benki kwa ajili ya digrii ya pili.

Siku ya mshahara wa kwanza aliingia saluni, akakaa kitini kama bibi mkubwa.

"Leo mimi ni mteja, Mama. Nalipa taslimu."

Mama akamfunga taulo shingoni, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

"Kaa vizuri, mwanangu," alisema. "Ningetia saini siku ile, leo ungekaa sakafuni."