Bilum Tatu za Shangazi Kumoro

Kwa maneno ya jirani yao Mama Sinake, siku Delma alipopata leseni ya urubani, wakubwa wa mashirika mawili ya ndege walimgombania hadharani kule mjini Goroka. Mmoja alimshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakamvuta kama watu wanaogawana nguruwe wa arusi, hadi kiatu chake kimoja kikamvuka. Mama Sinake hakuwapo Goroka siku hiyo. Alikuwa bustanini kwake akipalilia viazi vitamu, na kijiji kizima kilimwona. Lakini habari ya kiatu aliisimulia kwa uhakika mpaka watu wakawa wanamtazama Delma miguuni kila alipopita.

Ukweli ulikuwa barua mbili tu. Delma alikuja nazo nyumbani Yapeto, amezikunja ndani ya kitabu, akakaa nazo wiki nzima. Shirika la Bawa Jeupe lilimtaka, na shirika la Muruk lilimtaka. Jumatano alipaswa kupanda mlima hadi kwenye jiwe la simu, mahali pekee penye mtandao, awape jibu.

Atiso, mdogo wake wa kike, alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Sasa ni mtu mzima, lakini akisikia harufu ya nyasi zilizofyekwa asubuhi, bado zina umande, wiki ile humrudia yote. Humrudia baridi ya ukungu miguuni, na Delma akifyeka mbele yake huku akiimba wimbo usio na maneno, kama alivyofanya marehemu baba yao. Kiwanja cha ndege cha Yapeto kilikuwa cha nyasi, kimelala kwenye mteremko. Ndege zilitua zikipanda na kuruka zikishuka, na mwisho wa kiwanja palikuwa na korongo. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kufyeka. Kipande cha akina Atiso kilikuwa karibu na jiwe jeupe lililowekwa katikati.

"Unakumbuka baba alituambia nini kuhusu jiwe hili?" Delma alimwuliza asubuhi ya Jumatatu.

"Kwamba ndege inayokwenda kuruka ikifika hapa na bado ni nzito, haiwezi tena kusimama kabla ya korongo."

"Na alikuwa akitufanya tukimbie kutoka juu, tujaribu kusimama hapa."

"Wewe ulikuwa unaanguka kila mara," Atiso akasema.

"Mimi nilikuwa ndege kubwa. Wewe ulikuwa panzi."

Wakacheka. Atiso akaona huo ndio wakati wa kuuliza. "Dada, utachagua lipi?"

Delma akalifuta fyekeo kwenye nyasi. Bawa Jeupe lilikuwa na ndege za injini mbili, zinazotoka mji hadi mji kwenye lami, na marubani wawili mbele. Lilimwahidi nyumba yenye maji ya bomba na mshahara mzuri. Muruk lilikuwa na ndege ndogo za injini moja zenye magurudumu makubwa, zinazotua kwenye viwanja vya nyasi kama hiki, na matope yanaruka hadi kwenye vioo.

"Watu wote wanasema Bawa Jeupe," Delma akajibu. "Lakini kuna jambo moja nataka kuliona kwanza kwa macho. Kesho ni Jumanne. Tungoje ndege ije."

Atiso hakutaka dada yake aende Bawa Jeupe. Ndege za lami hazikanyagi Yapeto. Ndege ya Muruk ilikuja kila Jumanne, na moyoni mwake alikwisha kuona Jumanne zote za maisha yake, kila moja ikimleta Delma. Kwa hiyo alimwomba Mungu kwamba kesho ndege ya Muruk ije kwa wakati, iwe safi, na mtu yeyote asiilalamikie.

Jumanne kiwanja kilijaa watu. Wazee walikaa juu ya uzio wakitafuna miwa na kumtania Mjomba Pisai, wakala wa Muruk pale kijijini.

"Pisai, muruk ni ndege gani huyo?" mmoja akauliza. "Mimi nimemwona msituni. Anapiga teke, anakimbia, lakini kuruka hajui."

"Na bado ndiye anayekuletea chumvi," Mjomba Pisai akajibu. "Ukitaka, mngoje yule wa bawa jeupe. Ngoja na wajukuu zako."

Kazi ya Mjomba Pisai ilikuwa kupima uzito. Kila abiria alisimama juu ya mizani, na kila gunia likawekwa juu yake, kisha namba ikaandikwa kwa chaki kwenye ubao ili rubani ajumlishe. Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo Atiso ndiye aliyesoma mizani na kuandika. Mjomba alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Bilum juu ya mizani."

Alilirudia kwa sababu wanawake wa Yapeto hawakuhesabu bilum kuwa mzigo. Mzigo ni gunia. Bilum, ule mfuko wa kufumwa unaoning'inia kutoka kwenye paji la uso hadi mgongoni, mwanamke wa Yapeto anashinda nayo tangu asubuhi mpaka jioni. Ndani yake hubeba viazi, kuni, hata mtoto aliyelala. Kumwambia aivue apimwe nayo ni kama kumwambia apime nywele zake kando.

Ndege ikatua, ikapanda mteremko, ikageuka kwa kelele. Akashuka Kapteni Vagi, mtu wa pwani, mfupi, mwenye mvi na suruali iliyofifia. Alisalimiana na Delma, kisha akamwita Mjomba Pisai waende kutazama tairi la nyuma. Atiso akabaki peke yake na mizani.

Shangazi Kumoro akaja. Alikuwa anakwenda Goroka kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuwa na bilum tatu zilizojaa viazi vitamu na mboga hadi nyuzi zikalia. Akaziweka zote tatu kwenye nyasi, akapanda juu ya mizani mikono mitupu.

"Sitini na moja," Atiso akasoma. "Na bilum, shangazi?"

"Bilum zina nini?"

"Mjomba anasema zipimwe."

"Pisai ni mwanamume, atajua nini cha bilum? Andika, mwanangu, usinitazame kama mwalimu mkuu. Wakipima hivi viazi wataviacha hapa. Nifike kwa wakwe mikono ikining'inia? Watasema ukoo wetu umekauka."

Atiso akashika chaki, asiandike. Shangazi akainama, akashusha sauti.

"Dada yako anatazama leo. Unajua hilo? Nikiachiwa viazi vyangu, nitapiga kelele hapa mpaka ng'ambo ya korongo wasikie kwamba Muruk halitufai. Halafu Delma atakwenda zake Bawa Jeupe. Ni hivyo unavyotaka?"

Atiso akaandika sitini na moja. Vijana wa kupakia wakazichukua bilum mbili, wakazisukuma nyuma ya magunia ya kahawa. Ya tatu shangazi akaifunika kwa kitambaa na kuipakata kama mtoto.

Kapteni Vagi alirudi, akausoma ubao, akajumlisha kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono wake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndege imejaa mpaka kilo ya mwisho," akasema. "Ahsante, karani."

Neno hilo, karani, lilimchoma Atiso. Mlango ukafungwa. Mafuta ya ndege yakanuka, injini ikaanza kuguna, nyasi zikalala. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na baba yao alikuwa akisema hewa ya joto hubeba kidogo. Atiso akatazama kule chini. Akaliona jiwe jeupe.

Kilo sitini hivi. Alizikisia kwa macho, kama anavyokisia kila siku. Huyo ni mtu mzima mwingine, abiria asiyeandikwa, amekaa humo ndani na rubani hamjui.

Alikimbia, lakini si kuelekea kwenye ndege, maana mtoto wa Yapeto hukatazwa hilo kabla hajajua kusema. Alikimbilia kwa Delma, akamshika shati.

"Dada, bilum za shangazi sikuzipima. Zote tatu. Ziko ndani."

Delma hakumwuliza kwa nini. Alikwenda mbele, mahali rubani angeweza kumwona vizuri, akainua mikono miwili juu ya kichwa chake na kuipishanisha. Akasimama hivyo. Nyasi zilimpiga miguuni, nywele zake zikarudi nyuma.

Injini ikazimika. Kukawa kimya hata Atiso akasikia miwa ikitafunwa uzioni.

Kapteni Vagi akashuka. "Kuna nini?"

"Kuna mzigo haukupimwa," Delma akasema. "Mdogo wangu ndiye aliyeniambia."

Atiso alidhani atagombezwa. Kapteni alimtazama tu, kisha akafungua mlango mwenyewe, akawaomba abiria wote washuke. Magunia yakatolewa moja moja. Watu wakaanza kunung'unika kwamba mawingu yanakuja, na mzee mmoja akauliza kama ndege ya Muruk imekumbuka kwamba hairuki. Kapteni alijibu kwamba leo muruk amepata haya, na watu wakacheka. Bilum tatu zikapanda mizani. Safari hii Atiso alisoma kwa sauti ya kusikika hadi uzioni.

"Hamsini na nane."

Shangazi Kumoro alitimiza ahadi yake. Alipiga kelele kweli. Alisema shirika hili ni la watu wasio na mama, na akamwambia Atiso kwamba amezaliwa na chaki badala ya damu. Kapteni Vagi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Mama, umemaliza? Sawa. Chagua bilum moja iende nawe, na mjomba atashusha gunia moja dogo la kahawa kuipa nafasi. Mbili zitakuja Jumanne. Nitazibeba mimi mwenyewe mpaka mlangoni kwa binti yako, na nitamwambia ni zako."

"Utamwambia ni tatu?"

"Nitamwambia ni tatu."

Shangazi akachagua ile yenye mboga mbichi, bado amenuna.

Kabla ya kupanda, kapteni akachuchumaa mbele ya Atiso. Macho ya Atiso yalikuwa yamejaa machozi.

"Nani ananiambia ndege yangu ina uzito gani?" akamwuliza.

"Ubao."

"Na ubao unaambiwa na nani?"

"Mimi."

"Basi ulipoandika ile sitini na moja, hukumsaidia shangazi yako. Ulimpandisha kwenye ndege ambayo rubani wake haijui. Hilo ni kosa, nami nakuambia ni kosa. Lakini umelisema wakati bado lina maana. Wengi hungoja waone kwanza kama mambo yatakwenda salama. Ungengoja hivyo, ukweli wako ungefika huku ndege imekwisha kulipita lile jiwe, na mimi ningeufanyia nini? Ukikosea, sema upesi. Aibu yake huisha kabla ya chakula cha jioni."

Ndege ikaruka. Magurudumu yaliacha nyasi mapema, kabla ya kulifikia jiwe jeupe, ikaelea juu ya korongo na kupotea nyuma ya mlima.

Alasiri dada hao wawili walikaa karibu na jiwe, viazi vya kuchoma mapajani. Atiso alikuwa amekwisha kukata tamaa. "Sasa utakwenda Bawa Jeupe," akasema. "Nimewaharibia Muruk."

"Nitakuambia nilichowauliza," Delma akasema. "Nilipokwenda kuchukua zile barua, niliwauliza wote swali moja. Rubani akiona safari haifai, akasema leo siruki, mnamfanya nini? Mkubwa wa Bawa Jeupe alitazama saa yake, akacheka, akasema marubani wao hawasemi hivyo. Yule wa Muruk akasema wanampikia chai. Lakini maneno ya ofisini ni rahisi. Nilitaka kuona. Leo nimeona mtu anazima injini, mawingu yanakuja na kijiji kinamzomea, kwa sababu ya neno la mtoto. Rubani mgeni kama mimi atakosea mara nyingi, Ati. Nataka kukosea mahali ambapo nikisema, nitasikilizwa."

Kesho yake alipanda kwenye jiwe la simu, akawaambia Muruk ndiyo.

Atiso aliruka kwa furaha. Kisha Delma akamwambia yaliyobaki. Muruk wangempeleka kwanza upande wa kaskazini, akae kando ya rubani mzee mwaka mzima, labda miwili. Kiwanja cha Yapeto, kwa mteremko wake na korongo lake, rubani mpya hufundishwa mwisho kabisa. Na walimtaka aripoti mapema. Angeondoka kesho alfajiri kwa miguu hadi barabarani.

Kando ya kiwanja upepo uliujaza mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo, uliofungwa kwenye mti mrefu, ukauacha, ukaujaza tena.

"Dada," akasema, "usiende kesho. Kaa mpaka Jumanne moja tu, uondoke na ndege. Nitakupima mimi mwenyewe, na bilum yako."

"Alfajiri naondoka, Ati," Delma akasema, akaokota fyekeo, akagusa makali yake kwa kidole gumba, akaanza kukata nyasi kutoka pale walipokuwa wameishia Jumatatu.