Mashine Ilipolia Magamba

Jioni hiyo Timotheo alibaki nyuma kukusanya kamba na vigingi. Shabani, mwenzake wa kuchimba, alikuwa ameshateremka na jembe begani, amenuna, bila hata kuaga. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Magamba, unapenya kwenye mibuni iliyoachwa mpaka ikawa mwitu, na kuta za nyumba ya Mjerumani aliyekuwa mwenye shamba zilikuwa zinapotea moja baada ya nyingine.

Siku ile walikuwa wamepata misumari. Jana yake, misumari na pete ya pipa. Juzi, maganda ya risasi yaliyoliwa na kutu.

Kazi yenyewe ilitoka kwa Bwana Zahoro, mfanyabiashara wa Tanga mwenye duka pale Lushoto. Vita vilipokwisha, Waingereza waliuza vikorokoro vyao vya jeshi, naye akanunua mashine ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Watu walikuwa wakisema kwamba Wajerumani, walipokimbia katika vita vile vya kwanza, walizika mali zao mashambani. Zahoro akamtafuta mtu anayeijua mashine. Akampata Timotheo, ambaye jeshini alitembea nayo Uhabeshi, mguu mmoja mbele ya mwingine, akisikiliza kifo kwa masikio yake mwenyewe. Wangegawana kitakachopatikana. Timotheo alitaka bati. Nyumba yake ilikuwa inavuja, na mkewe Rahabu alikuwa amechoka kuhamisha kitanda kila masika.

"Hapa hakuna kitu," Shabani alikuwa amemwambia mchana. "Tunatoa jasho kwa ajili ya misumari."

"Tumalize kipande hiki tu, ndugu yangu."

Hivyo ndivyo alivyojipa moyo. Aligawa shamba vipande kwa kamba, akamaliza kimoja bila kufikiria vingine. Kila kilichotoka ardhini, hata msumari, alikifuta na kukilaza juu ya jani la mgomba, macho yaone kwamba mikono haikukaa bure. Na kila jioni, kabla ya kuondoka, alipitisha mashine mara ya mwisho mahali alipopachagua mwenyewe, kwa kupapenda tu.

Jioni hiyo alipita kando ya ukuta wa jikoni. Masikioni, mvumo ule ule. Mmmm... Hakuna.

Ndipo akasikia harufu ya majivu. Majivu yaliyoloa, kama jiko lililomwagiwa maji.

Akageuka.

Mwanamke mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mzigo kichwani. Hazikuwa kuni. Ilikuwa mibuni iliyong'olewa pamoja na mizizi yake, na udongo wake ulikuwa unamdondokea mabegani.

"Shikamoo, bibi."

Mzee hakuitikia.

Milimani kule hakuna mzee anayeachia shikamoo ianguke chini. Timotheo akadhani hakusikia, akairudia. Badala ya marahaba, yule mwanamke akasema kwa Kishambaa cha zamani, kile ambacho Timotheo alikisikia kwa bibi yake tu, alipokuwa mdogo.

"Umechoka?"

"Sijachoka, bibi. Kazi ni kazi."

"Unatafuta nini?"

"Chochote kizuri."

"Kizuri kwa nani?"

Timotheo akacheka kidogo. "Kwangu mimi."

Mwanamke akamtazama, kisha akautazama udongo kati ya miguu ya Timotheo. "Basi usichoke," akanong'ona. "Utapewa."

Timotheo aliinama kuchukua kigingi. Aliponyanyuka, hakuona mtu. Majani hayakuwa yamelala popote kwa kukanyagwa. Akajiambia ni ukungu.

Kesho yake mashine ililia.

Haikuwa sauti nzito ya chuma cha ovyo. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ya kumsisimua mtu mpaka kwenye meno. Shabani akachimba, na katika udongo mwekundu kikatoka kifungo cha shaba cha koti la jeshi, kimeota kutu ya kijani. Shabani alicheka kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi. Timotheo akakitia mfukoni.

Nyumbani aliteremsha koti lake la jeshi kutoka msumarini, alinganishe tu. Kifungo cha kifuani hakikuwepo. Uzi wake ulikuwa pale pale, haukukatika, umefungwa kuzunguka hewa.

Hakumwambia Rahabu. Na moyoni, alifurahi. Mashine ilikuwa imelia.

Siku iliyofuata ililia tena, karibu na ngazi za mawe. Shabani mwenyewe ndiye aliyekitoa: kisu cha kukunja, mpini wa pembe, kutu imekigandisha. Akakifuta kwa kidole gumba. Akaacha kufuta. Taratibu akatia mkono mfukoni mwa suruali yake, akautoa mtupu.

"Timotheo... nimemenyea chungwa kwa kisu hiki leo asubuhi."

"Vinafanana, bwana."

"Tazama hapa. Alama hii niliichonga mwenyewe tukiwa Uhabeshi."

Walishuka mapema, kila mmoja akisikiliza hatua za mwenzake.

Asubuhi Shabani hakuja. Timotheo alimkuta kwao, amelala amejifunika mablanketi, anatetemeka, midomo imekauka kama aliyekula udongo. Mama yake, Bi Mwanamisi, alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmechimba wapi ninyi?"

Timotheo akamweleza, mpaka yule mwanamke na mzigo wake. Bi Mwanamisi akafunga mlango nusu, ili mwanawe asisikie.

"Pale kabla ya shamba palikuwa mji. Mji wenye watu na makaburi yake. Wakati wa Mjerumani walichimba makaburi ili wapande kahawa. Mifupa walimwaga bondeni, na vilivyokuwa mikononi na shingoni mwa wafu wakavichukua. Mama yangu aliona. Alisema kulikuwa na bibi mmoja aliyezunguka pale kila jioni, anang'oa miche waliyopanda, anamtafuta mwanawe. Hakumpata."

"Alikufa lini, mama?"

Bi Mwanamisi akamtazama. "Sijasikia aliyemzika. Usirudi kule."

"Sirudi."

Alisema kweli, na alidhamiria kweli. Lakini ile sauti nyembamba ilikuwa imebaki masikioni mwake. Wiki zote zile za misumari, na sasa ardhi imefunguka... Kipande kimoja tu kilikuwa kimebaki chini ya ukuta wa jikoni. Kimoja. Angekimaliza, kisha aache na moyo mweupe. Saa kumi alasiri miguu yake ilikuwa tayari Magamba.

Mashine ililia kabla hajaishusha vizuri.

Alichimba peke yake. Ardhi ilikuwa laini, inamrahisishia. Alipoingiza mkono mpaka begani, vidole vyake vikagusa kitu cha mviringo, baridi. Akakivuta.

Kikuku cha shaba, kipana, kimesukwa.

Alikijua.

Rahabu alikivaa tangu usichana. Alinenepa nacho mkononi, hata sabuni haikuweza kukivua. Sasa kilikuwa kiganjani mwa mumewe, kimekuwa kijani kama kilichokaa ardhini miaka arobaini.

Timotheo aliacha mashine, akakimbia. Alianguka, akainuka, akakimbia. Alimkuta Rahabu jikoni, kando ya moto mkubwa, amejikunyata. Mkono wake ulikuwa mtupu, na pale kikuku kilipokuwa ngozi ilikuwa nyeupe. Akamshika. Baridi ile aliijua. Vitani aliwahi kushika mikono kama hiyo, akawafunika wenye mikono hiyo nyuso.

"Rahabu. Kikuku chako kimetoka saa ngapi?"

"Sijui." Sauti yake ilikuwa mbali. "Umeniita? Nimekusikia unaniita, mume wangu. Ulikuwa juu... nami nilikuwa chini. Sikuweza kuitikia."

Akageuza viganja vyake kwenye mwanga wa moto, kana kwamba si vyake.

Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu.

Timotheo alichukua kile kifungo, akapita kwa Bi Mwanamisi akaomba kile kisu cha Shabani, akapanda mlima tena. Giza lilikuwa linaingia na ukungu umeziba kila kitu, akawa anatafuta njia kwa mikono. Lile shimo la mwisho alilikuta wazi. Ndani yake hapakuwa na sauti ya kitu chochote, wala mdudu. Akashusha kikuku mpaka mkono ulipoishia. Akaweka kisu. Akaweka kifungo. Akaanza kusukuma udongo kwa viganja, analia kama mtoto.

Nyuma yake mzigo ulitua chini.

Harufu ya majivu.

Hakugeuka.

"Umechoka?"

Katika wiki zote zile hakuwahi kulitamka neno hilo, hata kwa Shabani, hata kitandani. Sasa lilimtoka lenyewe.

"Nimechoka, mama. Nimechoka kabisa. Sitaki kitu."

Pumzi, kama si upepo, ilimpita shingoni.

"Basi nenda."

Rahabu alipona pole pole, kama mtu aliyetoka kwenye homa ndefu. Shabani naye alipona, ila hakushika jembe tena. Akahamia Mombo, akauza machungwa kwenye mabasi. Timotheo alimrudishia Bwana Zahoro mashine yake na kumweleza kila kitu. Zahoro alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba mtu akichoka ni vema aseme tu kwamba amechoka.

Miezi ikapita. Siku moja ya gulio, Timotheo alikuwa anauza viazi pale Lushoto, akaja kijana mmoja wa Rangwi aitwaye Kristofa. Huyo ndiye aliyepewa ile mashine.

"Shikamoo, kaka Timotheo. Nimetaka tu kukushukuru. Shamba lile uliliacha karibu litoe. Mwezi mzima nilipata misumari, nikataka kuacha, lakini kuna bibi mmoja anapita pale jioni, ananitia moyo sana."

Timotheo akaweka chini kiazi alichokishika. "Umepata nini?"

Kristofa akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na kikuku kidogo sana chenye njuga, cha mguu wa mtoto anayejifunza kutembea. Kilikuwa kimeliwa na kutu, njuga mbili zimeziba udongo.

"Una mtoto, Kristofa?"

"Ninaye mmoja. Ameanza kutembea juzi, anatusumbua kwa kelele za nju—"

Hakumaliza. Alikileta kile kitu karibu na macho.

"Kirudishe," Timotheo akamwambia kwa sauti ya chini, amemshika bega. "Usipitie nyumbani. Shuka kwenye lori pale Magamba, kirudishe ulipokitoa. Akikuuliza kama umechoka, mjibu ndiyo. Umenisikia?"

Lori la Rangwi lilikuwa linaunguruma, linaondoka. Kristofa alilikimbilia, akadandia nyuma katikati ya magunia, kitambaa amekibana kifuani. Lori likapanda kuelekea Magamba, likaingia kwenye ukungu. Kama alishuka pale, au moyo wa baba ulimshinda akapitiliza mpaka kwake, Timotheo hakujua. Watu wa Rangwi walishuka sokoni kila gulio, na kila gulio aliinamia viazi vyake mpaka wapite, asije akauliza.

Jioni ile Kristofa alipoondoka, hakungoja kumaliza kuuza. Alifika nyumbani na, kabla ya salamu, akamshika mkewe mkono, akaukalisha katikati ya viganja vyake muda mrefu, aone kama una joto.