Boti Iliyogeuka Paa

Paskazia aliinama mwaloni, kando ya ziwa panapotua boti za uvuvi, akiokota dagaa wake kutoka kwenye mchanga uliolowa. Mvua ilikuwa imewapitia tena. Suzana, mnunuzi kutoka Usagara, alitafuna mmoja, akatema.

"Mama Sabina, hawa wana mchanga, tena wananuka. Jumamosi ya wiki ijayo nikikuta hali ni hii hii, nahamia kwa wengine."

Paskazia hakuwa na mnunuzi mwingine.

"Tuwabanike," akasema Maige, mumewe. Lakini kuni zilikuwa zimelowa. Pale ufukweni palikuwa na boti kuukuu ya faiba, imepasuka ukingoni. Wenye boti walishanunua mpya, wakasema anayeitaka hii aichukue. Kuku walikuwa wakitagia humo. Maige akavunja kipande, akakitia motoni.

Moshi mweusi ukapanda, mzito. Paskazia akakohoa mpaka akakaa chini. Dagaa wakanuka kama mlango uliopakwa rangi jana.

Odera, jirani yao fundi wa boti, akaja ameziba pua.

"Baba Sabina, leo unapika tairi?"

"Kuni zimelowa, bwana," Maige akasema, akitazama chini.

"Hii si kuni. Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Moshi wake ni sumu. Zimeni moto. Hao dagaa msile, wala msiwape kuku."

Paskazia akafuta macho. "Basi tulisukumie ziwani hilo dude?"

"Halitaoza. Wajukuu zako watalikuta. Hebu fikiri, Mama Sabina. Kitu kisichooza, kisichoshika kutu, kisicholiwa na mchwa, ungekiweka wapi?"

Paskazia akaitazama boti. Akatazama wingu juu ya ziwa.

"Juu ya dagaa wangu," akasema.

Odera akacheka. "Umeshajenga."

Kazi ikaanza. Odera akawavalisha mashati ya mikono mirefu na vitambaa puani. "Vumbi lake lina nyuzi," alisema. "Ngozi inawasha, na kifua kinaumia." Maige akakata ukingo uliopasuka kwa msumeno, Paskazia akimwagia maji ili vumbi lisiruke. Wakausugua ukingo mpya ukiwa bado umelowa, ulipokauka wakaupaka rangi, usichome mikono. Mabaki wakayafukia shimoni, mbali na maji. Kisha wanaume wa mwaloni wakaipindua boti juu ya nguzo za miti.

Paskazia akashona nyavu kuukuu kwenye fremu za miti, zikawa chanja za kuanikia dagaa, zenye mishikio kama machela. Jua likiwaka, zinatoka nje. Mvua ikija, zinaingia chini ya boti, moja juu ya nyingine.

"Mmeipindua hivyo, mtapiga kasia mbinguni?" akatania Akelo, mke wa Odera.

"Ikinyesha utaniambia," akajibu Paskazia.

Jumamosi aliyoitaja Suzana, ikanyesha. Dagaa wa wenzao walioanikwa mchangani wakaelea. Akelo akaja mbio na beseni kichwani.

"Mama Sabina, nisogezee nafasi."

"Panda. Nauli yake ni kutoanika tena mchangani."

Suzana akafika amejifunika turubai. Akachukua dagaa mmoja, akatafuna. Paskazia akamtazama mdomoni. Suzana hakutema. Akachukua wa pili, kisha akachota mkono mzima.

"Hawa nachukua wote," akasema. "Mvua itaendelea kunyesha, na mimi nitaendelea kuja hapa."

Maige hakusikia. Alikuwa ameshatangulia ufukweni, kuulizia boti nyingine kuukuu.