Familia ya Wanane na Chumba cha Wanne

Jumatano moja ya mwezi wa Juni, watu wanane walikuwa mezani nyumbani kwa Rulon Hadlock, mjini Rexburg, Idaho. Walikuwa wanakula viazi. Jumanne walikuwa wamekula viazi. Jumatatu pia, ila siku hiyo vilitiwa jibini. Rulon ni fundi wa mashine za kuvunia viazi, na wenye mashamba wakishamlipa humwongezea gunia. Inasemekana ghala la viazi chini ya nyumba yake lina kina kirefu hivi kwamba kiazi ukikidondosha asubuhi, unakisikia kikitua baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyejaribu, lakini hakuna anayebisha.

Siku hiyo Rulon hakuwa anakula. Alikuwa anabonyeza simu.

“Watu wanne,” alisema. “Hii nayo watu wanne. Hii wanne na kitanda cha mtoto mchanga. Hoteli zote za karibu na ile bustani ya michezo kule California zimejengwa na mtu mwenye watoto wawili.”

“Andika wanane,” alisema mkewe, Jolene.

“Nimeandika. Zinasema hakuna chumba. Kimepatikana kimoja tu, na kwa bei yake nitanunua trekta.”

“Jipya au la zamani?” aliuliza Dax.

“Wewe kula.”

Dax na pacha wake Porter walikuwa na miaka kumi na mitano. Lettie alikuwa na kumi, na Birdie, wa mwisho, minne. Lakini safari ilikuwa kwa ajili ya Tamsin, binti mkubwa. Katikati ya Oktoba angeondoka kwenda Brazili kulitumikia kanisa lao mwaka mmoja na nusu. Akirudi, mapacha nao wangekuwa karibu kuondoka kwa utumishi kama huo. Jolene alikuwa na ombi moja tu. Kabla ya Tamsin kwenda, wote wanane wasafiri pamoja, walale mahali ambapo mmoja akiita, wengine wanasikia.

Rulon aliweka simu mezani. “Basi mimi nitabaki. Nyinyi saba mtabanana.”

“Saba nao si wanne, Baba,” alisema Lettie.

“Ukibaki wewe, kwenye picha nikuchore kwa kalamu?” aliuliza Jolene.

Tamsin aliinamia sahani yake. Alikuwa anakigeuza kiazi chake kwa uma.

“Kuna njia nyingine,” alisema Rulon polepole.

“Ile siirudii,” alisema Bibi Verda, mama yake Jolene.

Wote walijua anasema nini. Mwaka uliopita walikwenda harusini Denver. Rulon aliweka chumba cha watu wanne. Wanne wakapita mlango wa mbele. Wengine wakabaki garini, wakisubiri kupenyezwa mlango wa ubavuni. Bibi Verda alilazwa sakafuni mwa gari, chini ya blanketi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mhudumu wa mapokezi alipomchekea Birdie na kumuuliza nyumbani kwao wako wangapi. Birdie ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kuhesabu. Alihesabu wote kwa vidole, kwa ile sauti yake inayoamsha ng'ombe wa wilaya ya pili. Akamalizia, “Na Bibi yuko kwenye gari, amefunikwa.”

Walitozwa chumba cha pili hapo hapo, ghorofa tatu mbali na kile cha kwanza. Jolene alipanda na kushuka lifti kama ndoo ya kisima.

“Safari hii Birdie tutamziba mdomo kwa peremende,” alisema Rulon.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Aliingia Dada Mele Taufa, jirani wa ng'ambo ya uzio, ameshika bakuli la Jolene. Watu wa kanisa lao huitana ndugu na dada, na bakuli la mtu halirudishwi tupu. Hili lilijaa maandazi ya duara ya kwao Tonga.

“Nani anazibwa mdomo?” aliuliza.

“Mimi,” alisema Birdie. “Kwa peremende.”

Dada Mele alielezwa. Alicheka mpaka akaketi. Kabla ya kuhamia Rexburg alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili kwenye mapokezi ya hoteli, hatua chache kutoka lango la ile bustani.

“Ndugu Rulon, unadhani sisi wa mapokezi hatuwaoni? Mtu ana chumba cha wanne, anaomba taulo kumi na mbili. Mtoto mmoja anapita na ndoo ya barafu. Dakika mbili baadaye anapita mwingine na ndoo ile ile. Kuna mwanamume alimpitisha shemeji yake kwenye kigari cha mtoto. Nikainama nimtazame mtoto. Nikakuta masharubu.”

“Ukamfukuza?” aliuliza Bibi Verda kwa matumaini.

“Nilimwambia yule bwana, mtoto umefanana naye.”

Meza nzima iliangua kicheko. Dada Mele akasubiri kitulie.

“Sasa mzaha pembeni. Ile namba ya wanne haikuwekwa ili kukukomoa. Ni sheria ya moto. Moto ukiwaka, wazimamoto wanakuja kuniuliza mimi, chumba kile kina watu wangapi? Nikisema wanne, watatafuta wanne. Wa tano je?”

Bibi Verda aliweka uma chini.

“Wa tano ni mimi,” alisema. “Niliye sakafuni.”

Rulon aliona masikio yake yanapata moto. Hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja.

“Sema ukweli tu,” alisema Dada Mele. “Wanane, na umri wa kila mtoto. Hoteli nyingi hazimtozi mtoto anayelala na wazazi wake. Lakini lazima zijue yupo.”

“Nikisema ukweli, naambiwa hakuna chumba.”

“Kwa sababu unauliza chumba kimoja. Vipo vyumba vikubwa vya familia, vyenye vitanda vya ghorofa na sofa ya kukunjua. Vingi ni vya watu sita. Mngekuwa sita, ningewaambia mchukue hicho.”

Watu waligeuka kuwatazama mapacha.

“Tusianze kutazamana,” alisema Porter.

“Nyinyi ombeni viwili, wanne kila kimoja.”

“Nirudi kwenye lifti?” aliuliza Jolene.

“La, dada yangu. Ombeni viwili vyenye mlango wa ndani. Unaufungua, vinakuwa nyumba moja. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaambiwa atapewa vyumba vinavyopakana, anafurahi. Anafika, anakuta vimepakana kweli, katikati ukuta mtupu. Tena ukiliandika ombi lako kwenye kompyuta, hilo ni ombi tu. Linaweza kusomwa siku umeshafika na vyumba vimekwisha. Piga simu hotelini kwenyewe. Uliza, mnaahidi mlango wa ndani? Wakisema watajitahidi, washukuru, piga kwingine. Wakisema wanaahidi, omba wakuandikie kwa barua pepe. Na jina la aliyeahidi uliweke.”

Lettie alikuwa ameshachukua kalamu. Rulon akarudi kwenye simu. “Hii ni rahisi,” alisema.

“Shuka mpaka chini kabisa,” alisema Dada Mele. “ Usisome bei ya juu, hiyo ni ya kukuvuta. Soma jumla.”

Rulon alishuka. Akakuta kodi. Akakuta ada ya kila siku ambayo haikusema ni ya nini. Akakuta gari nalo linatozwa kila siku kana kwamba nalo litalala kitandani.

“Na hii nyingine?” aliuliza Jolene.

“Bei ya juu imezidi kidogo,” alisema Dada Mele, “lakini kifungua kinywa ni bure, na langoni mnakwenda kwa miguu. Hawa wawili wanakula mayai mangapi?”

“Yote,” alisema Jolene.

“Basi hii ndiyo ya kwenu. Mnataka kwenda lini?”

“Julai, kama watu wengine,” alisema Rulon.

“Hapo ndipo bei inapopandia, kwa hao watu wengine. Shule za hapa zinafungwa lini tena, ukiacha kiangazi?”

“Wakati wa viazi,” alisema Lettie. “Wiki mbili, mwisho wa Septemba.”

“Na huko Texas na New York, watoto wanafunga shule kwa ajili ya viazi?”

Walitazamana. Tangu wazaliwe walizijua zile wiki mbili kuwa za kazi, za vumbi mpaka kwenye meno. Hakuna aliyewahi kuziona kama likizo. Lakini mara nyingi mavuno yalikwisha kabla ya wiki zile kwisha. Rulon aliandika Jumatatu hadi Ijumaa, wiki ya pili ya viazi. Akatazama. Akaipangusa simu kwa mkono wa shati, akatazama tena.

“Vyumba viwili,” alisema, “ni bei ndogo kuliko kimoja cha Jumamosi ya Julai.”

Tamsin alikula kiazi chake.

“Na mvua ikinyesha, mavuno yakachelewa?” aliuliza Jolene. Fundi wa mashine hawezi kuondoka viazi vikiwa ardhini.

“Chagueni nafasi inayofutika bure, na msome mwisho wake ni lini. Kila hoteli ina siku yake.”

Kesho yake Rulon alipiga simu. Hoteli ya kwanza ilisema itajitahidi. Akashukuru. Ya pili pia. Ile ya mayai, mwanamke aitwaye Yesenia alisema, “Naahidi,” akatuma barua pepe. Nafasi ingefutika bure mpaka Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kabla ya Jumatatu ya safari. Mwezi wa Agosti Dada Mele alimwambia atazame bei tena. Ilikuwa imeshuka. Rulon akapiga simu, akaandikiwa ile ndogo, na ahadi ya mlango ikabaki pale pale.

Septemba viazi vikaanza kutoka. Siku ya tatu ikanyesha mvua. Ilinyesha siku mbili, tope likawa zito hivi kwamba kiatu cha Porter kilibaki shambani na Porter akaendelea na safari. Ijumaa jua lilitoka, na kila mwenye mikono alikwenda kazini. Tamsin aliendesha lori. Mapacha na Bibi Verda walisimama kwenye mkanda wa mashine, wakitupa madongoa na mawe. Bibi aliyarusha kwa hasira, kana kwamba kila dongoa lilikuwa mhudumu wa Denver.

Jumamosi saa tisa alasiri, mnyororo wa mashine ulikatika. Ilibaki mistari sita ya viazi. Rulon aliingia chini ya mashine. Jolene alisimama pembeni mwa shamba, simu mkononi, namba ya hoteli imeshaandikwa.

“Saa kumi,” alisema.

“Nipe spana.”

“Saa kumi na nusu, Rulon.”

“Nyingine. Ile ndogo.”

Saa kumi na moja kasoro, mashine ilinguruma. Tamsin alikanyaga mafuta. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, lori la mwisho liliondoka shambani likiwa limejaa. Jolene aliifuta ile namba, akaitia simu mfukoni.

Jumapili walipumzika na kwenda kanisani. Jumatatu alfajiri waliondoka, na jioni wote wanane walisimama mbele ya mapokezi, wamekunjamana kama nguo za sandukuni. Hakuna aliyebaki garini.

“Vyumba viwili,” alisema kijana wa mapokezi. “Kimoja ghorofa ya pili, kimoja ya tano.”

Jolene alifumba macho. Aliiona lifti.

Rulon hakugomba. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. “Yesenia aliahidi mlango wa ndani. Barua yake hii hapa, na tarehe.”

Kijana alisoma. Akabonyeza, akabonyeza tena. “Ni kweli, imo. Samahani, mzee. Viwili vya mlango wa ndani, ghorofa ya tatu. Nyinyi mko wangapi vile?”

Rulon alihisi shingo inakuwa baridi, kwa mazoea tu. Kando yake Birdie alikuwa ameshavuta pumzi. Lettie alimtazama baba yake. Rulon alimnyanyua Birdie, akamkalisha juu ya kaunta.

“Mwambie,” alisema. “Usiache mtu.”

Birdie alihesabu. Watu waliokuwa kwenye lifti walitoka kusikiliza. Vidole vikafika vinane.

“Na leo Bibi hana blanketi,” alisema.

Juu, Rulon alifungua mlango wa ndani, akauzuia na kiatu cha Porter, kile kilichofukuliwa topeni. Bibi Verda alichagua kitanda cha dirishani kabla mtu hajapumua. Mapacha waliuliza mayai ni saa ngapi. Tamsin alikaa chumba cha pili, mwisho kabisa, akaita kwa sauti ya kawaida.

“Mama?”

“Naam?”

“Hamna kitu. Nilikuwa najaribu.”

Majira ya baridi yalipofika, Tamsin alikuwa Brazili, na ile picha ya safari ilikuwa ukutani, watu wanane na hakuna aliyechorwa kwa kalamu. Siku moja fundi mwenzake Rulon, baba wa watoto saba, alimfuata kazini na simu mkononi. Alilalamika kwamba hoteli zote ni za watu wanne.

Rulon alimvutia ndoo iliyopinduliwa.

“Keti,” alisema. “Kwanza niambie ukweli. Mko wangapi? Na bibi umhesabu.”