Maziwa ya Khadro na Njia za Kulipwa

Khadro huuza maziwa ya ngamia mtaani Ziwani. Ukipita karibu na kibanda chake kabla ya adhuhuri utasikia harufu ya moshi. Usiogope, hakuna kinachoungua. Maziwa hayo hutoka Isiolo katika madumu yaliyofukizwa moshi wa kuni ili yasiharibike njiani. Wanaoyapenda huupenda na moshi wake. Wasioyapenda hukunja pua wakaenda zao, na Khadro huwasalimia vilevile.

Anayemtumia maziwa ni mama yake mdogo, Kawsar, anayeishi Isiolo. Kila alfajiri wachungaji humletea Kawsar maziwa, naye huyapakia kwenye basi la Nairobi. Khadro huuza mchana kutwa, kisha jioni hutuma pesa Isiolo kwa simu. Sharti ni moja tu. Wachungaji hawatoi maziwa ya leo kabla ya kulipwa ya jana. Pesa zikichelewa, watayapeleka kwa mwanamke mwingine, na Khadro atabaki na kibanda kitupu.

Tena kuna desturi. Marehemu mama yake Khadro aliuza maziwa kabla yake, na alimfundisha hivi: mtu akija na chombo kitupu, usimwache akiwa amekishika. Mjazie kwanza, mambo ya pesa baadaye. Kumdai mtu pesa huku chombo chake ni kitupu ni kumwambia kwamba humwamini.

Khadro aliishika desturi hiyo kwa moyo wote. Alijaza kwanza. Mteja alilipa keshi, au alituma pesa kwenye simu ya Khadro mwenyewe. Namba yake ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Simu ilikaa ndani ya mkoba, na mkoba ulikaa chini ya meza. Hakuiangalia mpaka jioni.

Siku moja alikuja kijana aliyevaa jaketi la kijani, akiwa na dumu kubwa.

"Niaje mathe. Nijazie hii yote," alisema.

"Karibu mwanangu," Khadro alijibu, akaanza kujaza.

Kijana alibonyeza simu yake, kisha akamwonyesha. "Cheki, imeenda."

Khadro aliona maandishi na kiasi cha pesa. "Ubarikiwe," alisema.

Kijana alirudi kesho yake, akarudi tena na tena. Alikuwa na adabu. Hata alimsaidia Khadro kushusha madumu.

Jioni moja Khadro alitoa simu ili atume pesa Isiolo. Zilizokuwamo hazikutosha. Alimwita mumewe, Bulle, baba wa mtoto wao Filsan, anayefanya kazi katika duka la vitambaa. Wakakaa kitandani wakapitia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Wa yule kijana haukuwapo hata mmoja. Ule aliokuwa akimwonyesha alikuwa ameuandika mwenyewe.

Khadro alilia. Pesa zilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba alimwita mtu yule mwanangu.

Kesho yake Kawsar alipiga simu. "Khadro, kuna nini? Leo nimewalipa wachungaji kwa akiba yangu. Kesho sina cha kuwapa."

"Nisamehe, mama mdogo. Nitapata."

"Sikugombezi. Lakini jirani yangu hapa anawaita wachungaji wangu kila siku. Wakienda kwake hawatarudi."

Khadro aliuza pete yake moja, akatuma pesa. Bulle naye alikuwa na lake la kusema.

"Hizo za simu ni maneno tu, Mama Filsan. Keshi unaishika mkononi."

Basi kesho yake Khadro alichukua kisu akaikwangua namba yake ukutani. Mahali pake akaandika kwa makaa: KESHI TU.

Mteja wa kwanza alikuwa Odongo, fundi wa magari, ambaye hunywa maziwa hapo kila siku.

"Leo sina keshi, mama," alisema. "Mimi hulipwa kwa simu."

"Nenda hapo ng'ambo kwenye kibanda cha Elsie utoe pesa."

"Nikitoa nakatwa. Alafu nikikuletea noti utaniambia huna chenji."

Khadro alifungua mkebe wake. Ni kweli, hakuwa na chenji. Odongo akaondoka na kikombe chake kikavu, na wenzake wakamfuata. Siku zilizofuata mambo yakawa yale yale. Maziwa yalibaki, yakachacha, akayauza kwa bei ya hasara. Jioni ilibidi avuke barabara na mkoba uliojaa noti, akihofia wezi, mpaka Bulle akaanza kumsindikiza.

Walikuwa wakienda kwa huyo huyo Elsie kuziweka kwenye simu, zitumwe Isiolo. Elsie ni jirani yao, mzaliwa wa Busia, mwenye kibanda cha pesa za simu. Ni mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kuhesabu. Jioni moja alizihesabu noti za Khadro, akasimama ghafla. Aliinua noti moja ya elfu kwenye taa. Akaipapasa. Akaichukua nyingine akazilinganisha.

"Mama Filsan, hii ni bandia."

Khadro alikaa chini. Bulle aliichukua noti akaigeuza huku na huku.

"Si ulisema keshi unaishika mkononi?" Khadro alimwambia.

Bulle aliirudisha noti mezani. Alijua hapo hana pa kushika.

"Msigombane kwangu, mtanifukuzia wateja," Elsie alisema huku akiwavutia kiti. "Baba Filsan, keshi ina uzuri wake. Mtandao ukipotea, keshi inafanya kazi. Simu ikizima, inafanya kazi. Mzee asiye na simu naye anakunywa maziwa. Lakini inaibwa, inataka chenji, na kama mnavyoona, na yenyewe inadanganya. Noti kubwa ipapase, kisha iangalie kwenye mwanga. Hiyo usimpe mtu mwingine. Ipeleke polisi."

"Na ya simu?" Khadro aliuliza.

"Ya simu haina chenji wala haikai mkobani ikivizia mwizi. Na kuituma Isiolo huhitaji kutoka nyumbani. Lakini ina makato, na mtandao una siku zake. Tena wewe ulikuwa unapokea kwenye namba yako mwenyewe. Pesa ya maziwa, ya unga, na ya shangazi aliyekutumia zawadi, zote ndani ya chungu kimoja. Utajuaje imepungua wapi? Chukua namba ya tili, ya biashara peke yake. Uliza makato yake kwanza, maana hubadilika. Na ujumbe wa kuamini ni ule ulioingia kwenye simu yako. Ule ulio kwenye simu ya mteja ni wake, abaki nao."

"Na benki?" Bulle aliuliza. "Ile hoteli inayochukua dumu zima inataka kulipa kupitia benki."

"Hiyo ni sawa kwa pesa nyingi. Lakini huenda ikachukua muda kufika, na wachungaji hawangoji. Msiitegemee kwa malipo ya jioni."

 Khadro akasema lililokuwa moyoni.

"Elsie, yote nimeyasikia. Lakini kutoa simu niikague mbele ya mteja, ni kumwambia yeye ni mwizi. Mama yangu hangefanya hivyo."

Elsie alitikisa kichwa. "Hapo sina jibu, dadangu. Mimi huangalia tu."

Khadro alirudi nyumbani akiwa na mawazo. Lakini wiki ile ile alichukua namba ya tili, na Elsie akamfundisha kuitumia. Bulle alimwandikia ubao mpya: TILI AU KESHI. Kila asubuhi Elsie alimbadilishia noti moja kwa sarafu, ili chenji isikose. Simu ikatoka mkobani ikawekwa mezani, kando ya upawa.

Siku ya kwanza Odongo alilipa kabla hata hajafika kwenye meza. Simu ikalia. Khadro aliitazama akaona majina ya mteja yote yameandikwa pale.

"Karibu, Kennedy Odongo," alisema.

Odongo alicheka. "Mama, nimekunywa hapa miaka hii yote, hujawahi kuniita Kennedy."

Khadro naye alicheka. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya simu yenyewe. Tangu siku hiyo, mteja wa tili akilipa, Khadro huusoma ujumbe, humkaribisha kwa jina lake, kisha humjazia. Hakuna anayeona kwamba anakaguliwa. Wanaona wanatambuliwa. Mama mmoja mgeni mtaani, Teresiah, alimwambia kwamba tangu ahamie Ziwani hakuna mtu mwingine aliyemwita kwa jina.

Biashara ilitulia. Madumu yalikwisha kabla ya alasiri. Pesa zilifika Isiolo kabla ya magharibi, na Kawsar akapiga simu kusema kwamba wachungaji wameongeza dumu moja.

Kisha siku moja jaketi la kijani lilitokea tena.

"Niaje mathe. Umepotea," kijana alisema, akaweka dumu lake mezani. Akabonyeza simu, akaionyesha. "Cheki, imeenda."

Odongo, aliyekijua kisa cha jaketi hilo, alikuwa pembeni na kikombe chake. Alitaka kusimama. Khadro alimwashiria akae. Aliitazama simu yake kando ya upawa. Ilikuwa kimya.

"Karibu," Khadro alimwambia yule kijana kwa upole. "Hapa siku hizi nawakaribisha watu kwa majina. Lako likifika, nitakujazia."

"Si nimekuonyesha, mathe?"

"Nimeona. Nangoja jina."

Wakangoja wote. Kijana alimtazama Khadro, akaitazama simu iliyokuwa mezani. Kisha alichukua dumu lake tupu akaondoka polepole, na hakuna aliyemfukuza.

Khadro alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Kisha simu ikalia. Aliusoma ujumbe, akainua upawa.

"Karibu, Teresiah," alisema. "Lete chombo."