Pedeli ya Kushoto

Kila asubuhi kabla ya shule, Kimbelembele alimsaidia mama yake kufunga madumu ya maziwa kwenye baiskeli. Jina hilo alipewa na kaka zake, na lilimfaa. Hakuna kitu kilichoharibika nyumbani ambacho hakukitia mkono.

Asubuhi moja mama hakufika mbali na maziwa yake. Pedeli ya kushoto ilichomoka kwenye mteremko, akaanguka, maziwa yote yakamwagika. Alirudi akichechemea, goti linatoka damu, hasira zimempanda.

"Juzi tu fundi kaifunga pedeli hii! Twende, leo atanitambua!"

Kimbelembele alifuata akikokota miguu. Jana yake, bila kumwambia mtu, alichukua spana akakaza pedeli zote mbili kwa kuzungusha kulia. Ya kushoto ilikuwa ngumu, akaikanyagia spana mpaka ikazunguka kwa ulaini. Akajisifu kimoyomoyo.

Kwa fundi baiskeli, mama hakusalimia. "Tapeli wewe! Pedeli ya kushoto uliyoifunga juzi imechomoka njiani. Unataka kuniua?"

Wateja waligeuka. Mmoja alichukua baiskeli yake akaondoka nayo. Fundi naye akapandwa na hasira.

"Mama, chunga mdomo wako! Pedeli ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Ukizungusha kulia, unaifungua. Nani kaigusa?"

"Aiguse nani? Kwangu hakuna fundi!"

Mteja wa pili naye akaanza kukokota baiskeli yake. Kimbelembele hakuweza kuvumilia tena.

"Ni mimi," alisema. "Nilizungusha kulia zote mbili."

Mama alimgeukia. "Na ukanyamaza? Ukaniacha nimtukane mtu wa watu, nimfukuzie wateja?"

Kisha akamwita yule aliyekuwa akiondoka. "Kaka, rudi usikie! Fundi hana kosa. Kosa ni letu. Fundi, nisamehe."

Fundi aliivuta baiskeli kwake, bado amenuna, akaanza kuifunga pedeli.

Mama alimshika Kimbelembele bega. "Wewe umekaza kabla ya kuuliza, mimi nimetukana kabla ya kuuliza. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulijua ukweli ukauficha. Nimemtukana kwa sauti, siwezi kumwomba radhi kwa kunong'ona. Sasa zamu yako, na watu wakusikie."

Kimbelembele aliomba radhi kwa sauti, machozi yakimtoka, mbele ya wateja waliobaki.