Mgeni Aliyejua Neno la Siri

Waliporudi kutoka kanisani Jumapili ile, Kisa ndiye aliyetangulia kuingia ndani, na kitu cha kwanza kukiona ni uso wa mwanawe Asifiwe ukimchekea kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

Alisimama mlangoni, kitenge alichojifunika mvua kikichuruzika. Ile kompyuta mpakato aliifunga kwa mkono wake Ijumaa, alipomaliza kutunga mtihani wa darasa lake, akaiweka juu ya kabati. Sasa ilikuwa mezani, wazi, na picha ya mtoto imejaa kioo kizima.

"Asifiwe, ulichezea kompyuta ya mama?"

"Hapana. Si nilikuwa na wewe?"

Kweli, walikuwa wote. Hezroni, mumewe, naye alikuwa akiimba kwaya. Aliyebaki nyumbani ni Jackson, mdogo wake Hezroni, aliyekuwa anaishi nao akisubiri nafasi ya chuo. Asubuhi alisema ana homa.

Kisa aliinama aifunge. Vidole vilipogusa vibonyezo, akavirudisha upesi. Vilikuwa na majimaji, na majimaji yale yalinuka usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, wakiwa wameanikwa mvua ikawawahi. Akafuta kwa upindo wa kitenge, akabadilisha neno la siri, akanyamaza. Pale kijijini Ngonga maneno husafiri haraka kuliko pikipiki, na yeye ni mwalimu. Hakutaka isemwe kwamba anamshuku shemeji yake kwa picha moja.

Haikuishia kwenye picha moja. Wiki ile kila akirudi kutoka shule alikuta dalili. Siku hii kiti kimevutwa, siku ile orodha za wanafunzi wake zimefunguliwa zote, kesho yake ujumbe aliokuwa akiandikiana na dada yake. Alibadilisha neno la siri tena, akatumia maneno ambayo hata Hezroni hakuyajua, na bado. Kisha akakuta folda mpya. Mtu alikuwa amezikusanya picha za Asifiwe, zote, tangu ile ya uchanga mpaka ya juzi akiwa na sare ya shule, akazipanga kwa umri. Folda aliipa jina *Wangu*.

Pembeni yake, wazi, kulikuwa na majibu ya Kisa ya hospitali. Yale yaliyosema kwamba hatazaa.

Hapo alikaa chini. Asifiwe hakumzaa yeye. Mama yake aliitwa Jeni, mke wa kwanza wa Hezroni, binti wa kijiji cha Ikombe, alizama ziwani mtoto akiwa mchanga na mwili wake haukupatikana. Kisa aliolewa akamkuta mtoto hajaota hata jino, akamlea kama aliyetoka tumboni mwake. Majibu yale yalikuwa siri yake na mumewe. Na sasa mtu ameyasoma, tena ameyaacha wazi ili ajue kwamba yamesomwa.

Aliibeba kompyuta hadi Kyela mjini kwa Ezra, fundi aliyemuuzia. Ezra aliipekua muda mrefu.

"Mwalimu, hakuna mtu anayeingia kwa mtandao," alisema mwishowe. "Hii inafunguliwa kwa mkono, hapohapo nyumbani. Na anayefungua hakisii. Anaandika neno la siri sahihi mara ya kwanza." Akasita. "Saa hizo anazofungua, nyumbani anakuwepo nani?"

Kisa aliifunga kompyuta, akaikumbatia. Alijua.

Jioni ile Jackson aliapa kwa jina la marehemu baba yao. "Shemeji, sijaigusa. Lakini namsikia mtu akibonyeza huku sebuleni mchana. Siku zote nilidhani ni wewe umewahi kurudi."

"Mimi niko darasani mchana, Jackson. Unanifanya mtoto?"

"Nilikuita siku moja. Ukaitika."

Hezroni aliinuka. Alikuwa mtu mpole, kazi yake kukusanya kakao za wakulima vijijini, na Kisa hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Alipaza siku ile. Usiku haujaingia Jackson alikuwa amefunga begi lake, ameelekea Busale kwa rafiki yake. Pale uani alisimama akamtazama Asifiwe kwanza, kama mtu anayeacha kitu mahali pasipo salama, kisha akaenda.

Siku mbili tatu nyumba ilitulia. Kisa akaanza kupumua.

Kisha ikaja alasiri ya mvua kubwa, ile mvua ya Kyela inayofanya saa tisa ionekane kama magharibi. Umeme ulikatika. Kisa alikuwa jikoni, nje kidogo ya nyumba kubwa, akipepeta mchele. Hezroni hakuwepo, Asifiwe yuko shule, na ufunguo wa mlango wa mbele uko kiunoni mwake kwenye fundo la khanga. Mvua ilipopunguza kishindo kidogo alisikia vibonyezo. Taratibu. Kama mtu anayeandika huku akifikiri.

Akavua ndala. Alipita mlango wa nyuma akinyata, sakafu baridi chini ya nyayo zake, harufu ya usipa ikimjia nzito zaidi kila alipopiga hatua, akafika kwenye pazia la sebuleni, akalisogeza kwa kidole kimoja tu, na akaona kompyuta iko mezani imewaka, kiti kimevutwa, kwenye kiti hakuna mtu, na vibonyezo vinazama kimoja baada ya kingine na kuinuka, kila kinachoinuka kikiacha tone la maji juu yake, na maji yanatiririka hadi ukingoni mwa meza na kudondoka sakafuni, tap, tap, mahali ambapo miguu ya aliyekaa ingekuwa.

Maandishi yalikuwa makubwa. Aliyasoma kutoka palepale.

*Usikimbie, Kisa. Mimi ni Jeni.*

Alilikamata pazia kwa mikono miwili.

*Nina baridi. Nimekuja kumwona mwanangu akikua. Sina pa kumwonea ila humu.*

Labda ni yale maneno ya baridi yaliyomshika. Kisa alikuwa mwanamke wa huruma, na miaka yote aliishi na wazo kwamba amekalia kiti cha mtu. Mdomo wake ukasema, "Pole, dada. Karibu. Hapa ni kwako."

Vibonyezo vilitulia. Kisha: *Ndaga fijo.*

Asante sana, kwa Kinyakyusa safi. Kisa akalia.

Hezroni aliporudi na kusoma, alipiga magoti mbele ya ile meza. Hakuwa amepata mwili wa kuzika. Sasa alipata wa kuzungumza naye. Wakaacha kompyuta wazi kila siku, na mbele yake wakaweka chai, ambayo asubuhi ilikuwa imeganda utando juu kama maji ya dimbwi. Jeni aliandika mambo mengi. Alikumbuka harusi ya dada yake Hezroni, alikumbuka nyumba kabla haijapigwa plasta. Hezroni alisoma huku akitikisa kichwa na kufuta machozi.

Lakini Asifiwe alianza kubadilika. Alikaa mbele ya kioo midomo ikicheza bila sauti. Chakula alikikataa. Kisa alipomkumbatia alimkuta nywele zimelowa, na nje kulikuwa kukavu.

"Unaongea na nani, mama?"

"Ananifundisha kushika pumzi," mtoto alinong'ona. "Nimeweza muda mrefu. Anasema Jumamosi nitaweza zaidi."

Siku hiyohiyo kioo kiliandika: *Mleteni Asifiwe ziwani Jumamosi. Nimshike mara moja tu, nipumzike.*

"Tumpeleke," Hezroni alisema kwa sauti ya chini. "Mara moja tu, Mama Asifiwe. Ni mama yake."

"Baba Asifiwe, hivi unasikia unachosema?"

Vibonyezo vikazama vyenyewe, kwa nguvu safari hii, maji yakaruka.

*Wewe huna wako. Nyamaza.*

Kisa alinyamaza kweli. Lakini kitu kilikuwa kimekatika ndani yake. Aliyezama anaweza kuwa na baridi, anaweza kuwa na uchungu. Hii haikuwa sauti ya uchungu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyetafuta mahali pa kuchomea, akapata.

Kulipokucha alimchukua Asifiwe, akaaga kwamba wanakwenda shule, akapanda gari la Matema. Pale, ukingoni mwa ziwa, akapata mtumbwi wa kuwavusha Ikombe. Njia nzima alimshika mtoto kwa mikono miwili, kwa sababu mtoto aliinamia maji muda wote.

Bibi Rut, mama yake Jeni, alikuwa anafinyanga. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwikoni. Alisikiliza yote bila kuacha chungu kikauke vibaya, na Kisa alipomaliza, bibi akauliza jambo moja tu.

"Huyo anamwitaje mtoto?"

"Asifiwe."

Rut alikitazama chungu chake, akakibonyeza kwa ngumi, kikarudi kuwa donge. "Twende," alisema.

Walifika Ngonga alasiri, wingu limeshuka. Hezroni alikuwa sebuleni. Alipomwona mama mkwe alisimama, akatafuta maneno, Rut akamwinulia mkono akae. Bibi alivuta kigoda, akakaa mbele ya kioo ambacho maandishi yake hakuweza kuyasoma.

"Kisa, nisomee. Wewe uliyeko humo, mimi ni nani?"

*Mama*, Kisa alisoma. *Mama yangu Rut. Nimekukumbuka.*

"Mtoto wako anaitwa nani?"

*Asifiwe.*

"Hilo ni jina alilopewa na baba yake," Rut alisema. "Hezroni, wewe ulikuwa Chunya kwenye machimbo alipozaliwa. Ulipofika msibani ndipo ulipompa jina hilo. Jeni alishazama. Hakulisikia hata siku moja. Yeye alimwita mtoto kwa jina alilompa mwenyewe, kwangu, usiku aliojifungua. Alisema atakuambia ukija." Akageukia kioo. "Mama anayemfuata mwanawe angemwita kwa jina lile. Haya. Mwite."

Maji yalidondoka sakafuni.

*Tuntufye*, kioo kiliandika.

"Hapana."

*Atupele. Ambwene. Andongwisye.*

Kisa alisogea karibu na kioo. Aliyajua majina yale, yalikuwa ya wanafunzi wake. Kile kitu kilikuwa kinasoma orodha za darasa, kinapita jina kwa jina, na sasa majina yalimiminika kasi kuliko macho yake, ya wasichana na ya wavulana, majina ya waumini wa kanisa, ya watu aliowataja akimwandikia dada yake, harusi ile waliyoipiga picha, nyumba ile kabla ya plasta, vyote vilikuwa humu ndani, vyote, na hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho huyu aliyejiita Jeni alikijua ambacho hakukisoma humu, kikizunguka wiki baada ya wiki kwenye maisha yao kama mwizi anayevaa nguo za mwenye nyumba ili mbwa wasibweke.

"Si yeye," Kisa alisema. "Mama, si yeye. Kilitusoma tu."

*NIAMBIENI*, kioo kiliandika. *NIAMBIENI JINA LAKE.*

Asifiwe, kwenye mapaja ya baba yake, alianza kushika pumzi. Macho yalimtoka. Hezroni alimtikisa akimwita, akamwita, midomo ya mtoto ikawa ya zambarau.

"Nani alikikaribisha?" Rut aliuliza.

"Mimi."

"Basi kifukuze wewe. Mimi si mwenye nyumba."

Kisa alisimama mbele ya meza. Harufu ilimjaa puani mpaka machozi yakamtoka. "Nilisema karibu," alisema. "Kwa jina la Yesu nasema toka. Huna dada hapa, huna mume, huna mtoto. Huyu ni wangu. Sikumzaa, na ni wangu. Toka nyumbani kwangu!"

Kioo kilizimika. Kitu kama upepo wa bondeni kilipita miguuni mwao kuelekea mlangoni, na Asifiwe akavuta pumzi kwa mlio mkubwa, akainama, akatapika maji yenye mchanga. Akatapika tena. Kisha akalia kilio cha kawaida cha mtoto, na Kisa akampokonya Hezroni mikononi, akaketi naye chini pale penye maji.

Hezroni aliichoma kompyuta kwenye lundo la pumba za mpunga nyuma ya nyumba. Usiku ule alikwenda Busale, Kisa akiwa nyuma ya pikipiki, wakamwomba Jackson msamaha wote wawili, mbele ya mwenyeji wake. Jackson aliwasikiliza kichwa chini.

"Nilikuambia kiliitika, shemeji," alisema. Ndilo neno pekee. Lakini begi alilichukua, akarudi nao.

Asifiwe alianza kula. Rut alikaa nao mpaka nywele za mtoto zilipoacha kulowa, ndipo Kisa na mumewe wakamsindikiza Matema kupanda mtumbwi. Jua lilikuwa kali, wanawake wanafua, watoto wanapiga mbizi na kucheka.

"Mwanangu," Rut alimwambia Kisa, "lile jina nataka likae na wewe. Mimi nimezeeka. Lakini si ndani ya nyumba ile."

Kisa akampa Hezroni simu yake amshikie. Wakatembea wawili mchangani hadi mbali, mahali penye mawimbi tu. Rut akamkamata bega, akaweka mdomo sikioni mwake, akasema mara moja, taratibu. Lilikuwa jina zuri. Kisa alitabasamu, machozi yakimshuka. Akalirudia kwa kunong'ona ili asilisahau.

Aliporudi, Hezroni alikuwa amesimama palepale walipomwacha, ameinyoosha simu mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika kitu kinachouma. Kioo kilikuwa kimelowa. Juu yake kulikuwa na ujumbe usio na namba ya aliyetuma.

*Rudia. Sijasikia vizuri.*